Mchanga wa Ufukweni Unapopukutika Kwenye Mchoro

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Tanga mjini, nachora michoro ya dhahania. Nilichota mchanga ufukweni Raskazone, nikauanika juani, nikauchanganya na rangi nyeupe ya ukutani iliyozimuliwa kwa maji, kisha nikaupaka kwenye kanvasi ya sentimita 60 kwa 80. Ulikauka vizuri, lakini baada ya wiki tatu umetoa unga mweupe, na nikipitisha kidole unapukutika. Nilitaka mchoro unaofuata niongeze katani na makumbi. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Makosa ni mawili na yamekutana pamoja: chumvi na uhaba wa gundi.

Mchanga uliuanika bila kuuosha. Jua huondoa maji, chumvi ikabaki palepale. Hewa ya pwani ikiwa na unyevu, chumvi hiyo huyeyuka. Hewa ikikauka, maji hupanda nayo hadi juu na kuiacha imeganda. Huo ndio unga unaouona, na kila inapoganda upya huzidi kuzilegeza chembe. Vanishi haitakuokoa, kwa sababu chumvi itaibandua kutoka chini.

Jaza mchanga robo ya ndoo, mimina maji ya bomba hadi karibu na ukingo, koroga kwa nguvu, subiri dakika kumi, mwaga. Rudia mara sita au saba. Kujua kama umetakata, dondosha tone la maji ya mwisho kwenye kipande cha kioo, na pembeni yake tone la maji ya bomba, kisha vianike. Doa la mchanga likiwa jeupe kuliko la bomba, endelea kuosha. Usitumie siki ukidhani unaharakisha: mchanga wetu una vipande vya makombe na matumbawe, na siki huvila. Ukishakauka, upitishe kwenye chujio la chai upate laini na wa chenga, kila mmoja kwenye kopo lake.

Sasa gundi. Rangi ya ukutani tayari imebeba chaki yake, na gundi iliyomo inatosha kuishika hiyo tu. Wewe umeizimua, halafu ukaongeza mzigo. Chukua gundi nyeupe ya mbao: vikombe viwili vya mchanga mkavu kwa kikombe kimoja cha gundi, na vijiko viwili vya maji. Mchanga laini hula gundi zaidi, hivyo ongeza robo kikombe. Ukiinua mwiko, uji uanguke kwa mafungu na kila chembe ing'ae. Ukifanana na mchanga wa kujengea, gundi haitoshi. Paka unene usiozidi milimita mbili, acha siku nzima (wakati wa masika hata mbili), ndipo uongeze tabaka. Ukipaka nene kwa mara moja, juu hukauka na kukaza huku chini kukiwa kubichi, na nyufa hutokea hapo. Rangi ya akriliki ije baadaye, juu ya uso uliokauka.

Kuna jambo hukuliuliza: uzito. Tabaka la milimita mbili kwenye kanvasi yako ni karibu kilo moja na nusu ya mchanga. Kitambaa kitalegea, na kikiguswa tu mchanga unapasuka. Hamia kwenye plaiwudi ya milimita sita yenye mbao za kuikaza nyuma, uipake gundi iliyozimuliwa pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja tu, itapinda.

Katani iko tele mkoani kwenu, na kwa maoni yangu inafaa kuliko makumbi: singa zake hushika mwanga wa pembeni vizuri mno. Osha singa hadi mabaki ya kijani ya jani yaishe, kausha, kata vipande vya sentimita tatu hadi tano. Viloweke dakika tano kwenye gundi na maji nusu kwa nusu, kisha vilaze na kuvikandamiza kwa brashi. Ncha isibaki imesimama bila gundi. Hunyonya unyevu, huvimba, na kuinua rangi iliyo jirani.

Makumbi yana shida nyingine: hutoa maji ya kahawia yanayopenya hata rangi nyeupe. Na yale yaliyofukiwa pwani ili yalainike yana chumvi ileile. Yaloweke siku tatu, ukibadili maji asubuhi na jioni, kisha yapake gundi tupu kabla ya rangi. Gundi ya unga wa ngano iache kabisa, huota ukungu na huita mende.

Mchoro ulioharibika, ufagie kwa brashi laini kavu, usiufute kwa kitambaa chenye maji. Kisha kwangua mchanga wote. Hauna pa kushikia tena. Kanvasi yenyewe ukiiosha na kuikausha bado itafaa kwa kazi isiyo na mchanga.