Maswali yenu: Bosi anasema hama, na faili la mke bado halijajibiwa

Sanduku la mwezi huu karibu nusu ni watu wa Kanada, na wote wanalia kilio kimoja, wamewaombea wenza wao ukaazi wa kudumu, faili liko katikati ya safari, mara kazi inasema fungasha. Nimechagua barua nne. Moja nimeifupisha maana ilikuwa kurasa sita na tatu kati ya hizo zilikuwa za kumsema wifi.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni PR, yaani mkaazi wa kudumu, niko Ottawa mwaka wa tatu huu. Mke wangu yuko Mwanza na mtoto, nimewaombea toka mwaka jana, alama za vidole tayari na vipimo vya afya wameshafanya. Sasa kampuni inavuka mto inaenda Gatineau, bosi kanipa nichague, niwafuate huko au niende kwenye mradi wao Kampala miezi kumi. Kodi ya nyumba Gatineau ni nafuu nikawaza bora nihamie kabisa. Si nabadilisha tu anuani kwenye faili yameisha? Na hiyo Kampala si ndo nitakuwa karibu na mke, tena kwa kampuni ya Kanada, nimesikia siku zake zinahesabiwa kama vile niko Kanada. – Mume wa Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kazi ichukue, ila usihamishe hata godoro kabla hujamaliza kunisoma.

Ottawa na Gatineau vinatazamana, daraja unalivuka kwa mguu na chai yako mkononi bado ya moto, lakini ukishafika upande wa pili umeingia Quebec, na Quebec kwenye mambo ya kuleta mke ni kama umeingia nchi nyingine. Majimbo mengine yote wewe mdhamini unasaini ahadi yako na serikali kuu, basi. Quebec ahadi inasainiwa na serikali ya jimbo lenyewe, wana fomu zao na ada yao, na mke lazima apate cheti cha Quebec cha kuchaguliwa ndipo serikali kuu immalizie. Kwa hiyo hicho unachokiita kubadilisha anuani, kwenye faili lako ni kuongeza mlango mwingine wa kubisha hodi.

Na mlango wenyewe huwa unafungwa. Kuanzia tarehe 26 Juni 2024 mpaka 25 Juni 2026 Quebec iliweka kikomo cha maombi 13,000 tu ya udhamini wa familia, kati ya hayo 10,400 ndo ya wenza na watoto, na hiyo sehemu ya wenza ikajaa mwaka 2025, muda wenyewe ukiwa umebaki karibu mwaka mzima. Watu walikuwa na kila karatasi, wakabaki wameshika bahasha. Kwa hiyo hata kama utakuja kuitaka Gatineau baadaye, kwanza soma tangazo lao la siku hiyo, usifuate alivyofanya binamu yako miaka mitano nyuma.

Ninachokushauri ni hiki, fanya kazi Gatineau, lala Ottawa. Wanachoangalia ni makazi yako sio meza yako ya ofisi, na kila asubuhi watu kibao wanavuka yale madaraja kwenda na kurudi. Utasumbuka kidogo kwenye kodi ya mshahara kwa sababu utakatwa ya Quebec kazini halafu hesabu za mwisho zinafuata jimbo ulilokuwa unaishi tarehe 31 Desemba, lakini hilo linarekebishika, la mke kukwama halirekebishiki kirahisi. Omba barua kwa bosi inayosema kazi ni ileile, kituo kimebadilika, mshahara huu, uiweke kwenye faili kabla hawajakuuliza.

Najua kuna mtu ashakunong'oneza uhamie Gatineau kimyakimya halafu uandike anuani ya rafiki wa Ottawa. Usithubutu. Huo ni udanganyifu kwenye maombi, mtu akibainika anafungiwa miaka 5 asiombe ukaazi, na kwenye faili lako anayeumia ni yule wa Mwanza ambaye hata hiyo Gatineau haijui. Mke akishafika na kuwa PR, katiba ya Kanada inampa mkaazi wa kudumu haki ya kuishi jimbo lolote, hapo mkipiga hesabu za kodi ya nyumba mkaona mvuke mto, vukeni mchana kweupe.

Sasa Kampala. Hapa umechanganya sheria mbili, na hauko peke yako, hili swali naletewa karibu kila mwezi. Sheria ya kwanza ni ya kulinda PR yako wewe, inataka uwe Kanada siku 730 katika kila miaka 5, na ni kweli ukitumwa nje na kampuni ya Kanada kwa kazi ya muda wote, siku hizo zinaweza kuhesabika. Sio kazi uliyojitafutia huko huko lakini, ni ile unayotumwa ukiwa mwajiriwa wao na nafasi yako ya kurudi ipo. Sheria ya pili ni ya udhamini, na hii haina habari na zile 730. PR anayedhamini lazima awe anaishi Kanada, toka siku anayoomba mpaka siku wanayotoa uamuzi. Raia ana nafuu yake hapo, wewe bado. Ukienda Kampala wiki tatu ukamuona mke ukarudi, hakuna anayekugusa, na tiketi yenyewe ni ushahidi mzuri wa ndoa. Ukienda miezi kumi, nyumba ya Ottawa umeirudisha, simu umekata, bima imesimama, afisa akifungua faili atauliza huyu mdhamini anaishi wapi, na jibu utakuwa umempa mwenyewe. Kwa hiyo utakuwa umeilinda PR yako huku unaliua faili la mke. Mwambie bosi Gatineau.

SWALI: Habari dada, sisi wote tuko Calgary. Mke alikuja kusoma, tukafunga ndoa, tukaomba ukaazi wake kwa njia ya ndani na ameshapata kile kibali cha wazi cha kazi. Nimepata kazi Halifax naanza tarehe moja, yeye atabaki miezi mitatu mpaka mkataba wa nyumba uishe. Nahofia wataona tumeachana. – Baba Naima

JIBU: Halifax haina shida, hamuendi Quebec, na kibali cha mke ni cha wazi kwa hiyo anaweza kwenda kutafuta kazi huko huko bila kumuomba mtu ruhusa. Kinachonipa wasiwasi ni hiyo miezi mitatu.

Njia ya ndani imejengwa juu ya jambo moja, kwamba mnaishi pamoja hapa Kanada. Wanaoomba kwa njia ya nje wakikataliwa, mdhamini anaweza kukata rufaa, nyie wa ndani hiyo rufaa hamna. Halafu kibali chake kikikaribia kuisha mkaomba kipya, wanataka muwe na anuani moja. Kutengana kwa muda kwa ajili ya kazi sio kosa, watu wanaelewa maisha, kosa ni faili kuonyesha Calgary huku mshahara wako unaingia Halifax na hakuna aliyesema kitu. Andikeni maelezo mafupi kupitia fomu ya mtandaoni ya Uhamiaji, kila mmoja kwa upande wake: kazi imeanza tarehe fulani, mke anafuata tarehe fulani, sababu ni mkataba wa nyumba. Ambatanisha barua ya ajira na mkataba wenyewe. Nyumba ya Halifax iandikwe majina yote mawili toka siku ya kwanza hata kama yeye bado yuko Calgary anafungasha masufuria. Tiketi zake za kuja wikiendi tunza. Na kama mwenye nyumba anakubali mtu mwingine achukue hiyo nafasi mapema, lipeni faini mwende pamoja, mimi ningefanya hivyo.

Na anuani, jamani, anuani! Sisi tulihama mwezi uleule mume wangu alipopata ukaazi. Nilibadilisha anuani benki, simu, leseni, hata duka la viatu mtandaoni, nikasahau kadi ya PR. Ile kadi wanaituma kwa posta, tena kwa anuani ya ndani ya Kanada tu. Ikaenda zake kule chini, ile besimenti tuliyotoka, mpangaji mpya akaipokea vizuri kabisa akaiweka kwenye droo ya vijiko akisubiri mwenyewe aje. Tulikaa wiki saba tunamlaumu kila mtu. Siku niliyokwenda kumgongea aliifungua droo, akachomoa bahasha chini ya mwiko, ina alama ya mafuta pembeni. Mume alikuwa na msiba nyumbani wiki zile, hakusafiri, kwa sababu PR aliye nje bila kadi hapandishwi ndege ya kurudi mpaka aombe hati ya safari. Kwa hiyo hama, lakini hama na karatasi zako zote.

SWALI: Mimi ni raia wa Kanada, nesi, nimepata mkataba wa miaka miwili Doha. Mume yuko Zanzibar. Nikiondoka siwezi kumdhamini tena? Na mshahara wa Doha wataukubali? – Bi Nesi

JIBU: Wewe ndo yule mwenye nafuu niliyomwambia wa Mwanza. Raia anaweza kudhamini mwenza akiwa nje ya nchi, sharti ni kuonyesha kwamba mume akipata ukaazi nawe utakuwa unarudi kuishi Kanada. Kuonyesha sio kuandika tu natarajia kurudi inshallah. Weka mkataba wa Doha wenye tarehe ya mwisho, barua ya hospitali inayokupa likizo bila malipo kama ipo, leseni yako ya unesi inayoendelea kulipiwa, akaunti ya benki, mawasiliano na mwenye nyumba au ndugu mtakapofikia. Miezi na mitaa, sio ndoto.

Mshahara usikukoseshe usingizi, kumdhamini mwenza kwa kawaida hakuna kima cha chini cha kipato. Ila usiwe unapokea msaada wa serikali wa kujikimu, labda uwe wa ulemavu, na ujue ahadi unayosaini ni ya miaka 3 toka siku anapokuwa PR na talaka haiifuti. Ada kwa viwango vya tarehe 30 Aprili 2024 ilikuwa dola 1,205 za Kanada kwa jumla na 85 za alama za vidole, na ile ya ukaazi huwa wanaipandisha kila miaka miwili, kwa hiyo angalia ya siku unayolipa.

Kitu kimoja watu wa Ghuba wanakisahau. Mume akija kukaa na wewe Doha miezi 6 mfululizo au zaidi, watataka cheti cha polisi cha Qatar pia, juu ya kile cha Tanzania. Kiombeni kabla hamjaondoka, ukishatoka kukipata ukiwa mbali ni mateso. Na akishakuwa PR, siku anazokuwa nawe nje ya Kanada zinamhesabikia kwenye zile 730 kwa sababu wewe ni raia, hiyo ni raha ambayo mke wa PR haipati kirahisi.

SWALI: Nimefunga nikahi kwa simu, mimi Edmonton, bibi harusi Tanga, wazee wote walikuwepo na cheti tunacho. Nahamishiwa Vancouver mwezi ujao. Nianze maombi kabla au baada ya kuhama? – Bwana Harusi

JIBU: Kuhama kwako hakuna neno. Tatizo ni simu. Toka Juni 2015 Kanada haiitambui kwa udhamini ndoa ambayo mmoja hakuwepo mwenyewe kwa mwili wake, iwe kwa simu, kwa video au kwa wakili, wanaosamehewa ni wanajeshi wao tu. Nikahi yako mbele ya dini na mbele ya wazee siigusi, hiyo ni yako, nazungumzia faili, na ukilituma hivyo ulivyo utapoteza ada na miezi.

Kwa hiyo hiyo hela ya kuaplai inunue tiketi kwanza. Nenda Tanga, msimame wote wawili mbele ya msajili, muulizeni mapema ataandikaje ndoa ambayo tayari ina cheti, wengine wanamalizia bomani na wengine wanarudi kwa kadhi, mtoke na cheti chenye tarehe ambayo mhuri wa pasi yako unaonyesha ulikuwa nchini. Piga picha nyingi, na sio za kupozi tu, shangazi anakula pilau nyuma yenu ni ushahidi pia. Kwenye fomu ya uhusiano watakuuliza mlikutana lini, nani alihudhuria, familia zinajua nini, elezeni yote, na ile ya simu iandikeni ilivyokuwa. Ukirudi utue Vancouver moja kwa moja, uanze na anuani mpya.