Baba mdogo ni msimamizi wa mirathi na anataka kuuza nyumba

Pole dada. Kama nimekuelewa, baba mdogo wenu aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi ninyi watoto mkiwa hamjui, sasa analeta wateja kwenye nyumba ya marehemu.

Msimamizi si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Kwa hiyo zuieni mauzo kwanza. Nyumba ikiwa na hati, wekeni zuio (caveat) kwa Msajili wa Hati ili isihamishwe. Ikiwa haina, mjulisheni mwenyekiti wa mtaa kwa barua, abaki na nakala, nanyi mbaki na nakala yenye muhuri. Nyumba ikishahamia kwa mnunuzi, kesi huwa ndefu na ya gharama.

Kisha ombeni nakala za jalada la mirathi. Angalieni Fomu Na. 1, yaani maombi yake ya kuteuliwa: aliwataja warithi wote? Ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe alitakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni, Fomu Na. 5. Akiwa amewaficha warithi au mali, ombeni mahakama hiyohiyo itengue uteuzi. Msikimbilie kufungua kesi mpya ya ardhi.

Na tafadhali msisaini muhtasari wowote wa kikao cha ukoo msiousoma. Kama tayari ameuza, muoneni wakili wiki hii.