Nzi waliozaliana ndugu kwa ndugu: usikimbilie jeni

Wengi wanaoanza kuchunguza nzi wa matunda waliozaliana ndugu kwa ndugu ili wajue undugu unavyowadhoofisha huwa na haraka ya kutoa RNA (nakala ambazo jeni hutoa zikifanya kazi), kupima jeni zote 14,000 hivi, na kujipatia orodha ya zilizochangamka na zilizolala. Mimi nashauri orodha hiyo ije mwisho. Anza kwa kuhesabu watoto.

Kuwapata nzi wenyewe si kazi. Unapandisha kaka kwa dada, kizazi baada ya kizazi, na kwenye nyuzijoto 25 kizazi hukomaa kwa siku kama 10 tu. Watoto wa kaka na dada wana kiwango cha undugu (uwezekano kwamba nakala mbili za jeni zimetoka kwa babu mmoja) cha 0.25, kizazi cha tatu kimefika 0.5, na cha 20 kimepita 0.98. Yaani karibu kila mahali kwenye kromosomu, nakala mbili za jeni zimekuwa sawa, na aleli (namna moja ya jeni) mbaya iliyofichwa na nakala nzima sasa haina pa kujificha.

Hapa ndipo hesabu huwaponyoka watu. Aleli ipi itabaki ni bahati nasibu, na kila ukoo, yaani kila mnyororo wa kaka na dada, hupata zake. Kwa hiyo nzi 500 wa ukoo mmoja wanakueleza habari za ukoo huo, basi. Afadhali koo nyingi zenye nzi wachache wachache, pamoja na kundi kubwa lisilo la ndugu lililolelewa chumba kilekile, kwa chakula kilekile na msongamano uleule wa mabuu. Koo zinazokufa njiani nazo ziandike daftarini. Ukiziacha utapima manusura peke yao, kisha utatangaza kwamba uzazi wa ndugu hauna neno.

Tena kuhesabu watoto peke yake hakutoshi. Waache dume wa ukoo na dume wa nje wagombee jike mmoja; mara nyingi udhaifu huonekana wazi zaidi hapo. Rudia kwenye joto kali, kwa sababu ukoo unaojikongoja vizuri mahali pa raha unaweza kuporomoka pa shida.

Ukifika kwenye jeni utakutana na za protini za kukabili joto kama Hsp70, za kinga, na za kuchakata chakula. Ni rahisi kudhani hizo ndizo zilizoharibika. Aghalabu ni mwili unaohangaika kujitetea. Kasoro yenyewe inaweza kuwa kwenye jeni inayofanya kazi kwa kiwango cha kawaida ila inatoa protini mbovu, na kipimo cha RNA hakitaishtukia.

Mtego mwingine ni ovari. Jike wa ukoo dhaifu anaweza kuwa na ovari ndogo. Ukisaga mwili mzima, jeni za kutengeneza mayai zitaonekana zimeshuka, kumbe ni nyama ya ovari iliyopungua kwenye mchanganyiko. Ndiyo maana hupasua majike kadhaa chini ya darubini kabla sijasaga yeyote, nione tumboni mna nini. Ukiweza, pima kichwa peke yake na ovari peke yake. Wagandishe kwa naitrojeni ya kimiminika saa ileile ya siku, maana jeni kama period, ya saa ya mwili, hupanda na kushuka usiku na mchana. Majike watenge wakiwa bikira, ndani ya saa 8 tangu watoke kwenye bundo (hatua ya kati ya buu na nzi). Waliotoka punde utawajua kwa mwili uliopauka na doa jeusi tumboni.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni kupandisha koo mbili tofauti. Watoto wao wakirudisha nguvu, tazama jeni zipi nazo zimerudi kwenye kiwango cha kundi kubwa. Fuatilia hizo kwanza. Zilizobaki palepale huenda hazihusiki na udhaifu.

Jambo moja husahaulika sana: Wolbachia, bakteria anayeishi ndani ya seli za nzi. Dume mwenye bakteria huyu akimpanda jike asiye naye, mayai mengi yanaweza kukosa kuanguliwa, na mtu atalaumu undugu bure. Pima koo zote mapema. Ukiamua kuwatibu kwa tetrasaikilini, dawa ya kuua bakteria, watibu wote, hata kundi la kulinganishia, kisha acha vizazi viwili au zaidi vipite kabla ya kupima chochote, kwa sababu dawa hiyo huvuruga pia mitokondria, mitambo ya nishati ndani ya seli.