Kingdomino: hesabu mataji kabla ya kuhesabu ardhi

Kama familia yenu inatafuta mchezo wa mezani ambao mtoto wa darasa la tatu na bibi yake wanaweza kukaa pamoja, huyu asichoke na yule asipotee, ushauri wangu ni Kingdomino. Umebuniwa na Mfaransa Bruno Cathala, ukachapishwa na Blue Orange mwaka 2016, na mwaka 2017 ukatwaa Spiel des Jahres, tuzo ya Ujerumani ya mchezo bora wa mwaka. Mchezo mmoja ni kama dakika 15. Kwetu hatujawahi kuishia kwenye mmoja.

Aliyekulia kwenye dhumna ameshaelewa nusu ya kazi. Kuna vigae 48, kila kimoja kina miraba miwili, na kila mraba ni ardhi ya aina fulani: ngano, msitu, ziwa, malisho, kinamasi au mgodi. Unaanza na kasri lako, kisha unapanga vigae kulizunguka. Walau mraba mmoja wa kigae uguse ardhi iliyofanana nao, au uguse kasri, ambalo linapokea ardhi yoyote. Ufalme usizidi miraba mitano kwa mitano. Piga hesabu uone ulivyobana: kila mchezaji anapata vigae 12, yaani miraba 24, na kasri ni wa 25. Kigae kilichokosa pa kukaa kinatupwa.

Utamu wenyewe uko kwenye kuchagua. Vigae vina namba mgongoni, kuanzia 1 hadi 48, na vinapangwa safu kwa mfuatano. Vya namba ndogo ni hafifu: cha 1 na cha 2 ni ngano tupu. Vya namba kubwa vina mataji yaliyochorwa juu ya miraba yake, na cha 48 kina mgodi wenye mataji matatu. Lakini mfalme wako wa mbao, unayemweka juu ya kigae unachokichagua, akikaa kwenye cha namba kubwa, raundi ijayo wewe ndiye wa mwisho kuchagua. Akikaa kwenye cha namba ndogo, unachagua wa kwanza. Kwa hiyo kila mara unajiuliza: nichukue kizuri hiki sasa, au nivumilie kibaya ili safu ijayo niwe mbele? Na safu hiyo ijayo bado hujaiona. Mtoto wa miaka minane akianza kujiuliza swali hilo kwa sauti, ujue ameshauingia mchezo.

Sasa mataji. Pointi za kila eneo, yaani miraba ya ardhi moja iliyogusana, ni idadi ya miraba yake mara idadi ya mataji yake. Shamba la ngano la miraba kumi lisilo na taji hata moja ni sifuri. Mgodi wa miraba mitatu wenye mataji manne ni 12. Hapa ndipo watoto wanapoumia, kwa sababu macho yao yanapenda eneo kubwa, na kuambiwa mwishoni kwamba ziwa lote lile halina thamani kunauma kweli. Ndiyo maana nashauri msianze na kanuni zote. Panga mezani msitu wa miraba saba wenye taji moja, mhesabu pamoja: 7. Ongeza taji la pili: 14. La tatu: 21. Akiliona hilo kwa macho yake, hutamkumbusha tena. Na kama yuko kwenye kujifunza jedwali la kuzidisha, mwachie yeye kazi ya kuhesabia meza nzima. Usimsahihishe haraka, mpe nafasi arudie.

Hapohapo mfundishe jambo la pili, ambalo hata watu wazima hulisahau: usiache tundu la mraba mmoja. Kila kigae kina miraba miwili, basi tundu la namna hiyo halizibiki kamwe.

Ardhi hazilingani wingi. Ngano ina miraba 26, msitu 22, ziwa 18, malisho 14, kinamasi 10, mgodi 6 tu. Mimi hupendelea kuanza na ngano au msitu wenye taji mapema, kwa kuwa najua miraba ya kuukuza itakuja tu. Migodi naichukua ikijileta. Kuikimbilia kila safu kunakuweka mkiani mwa foleni mchezo mzima. Tazama na ufalme wa jirani. Kama kigae fulani wewe kinakufaa kiasi na yeye kinamfaa sana, kichukue. Isipokuwa safu ya mwisho: hapo hakuna zamu tena ya kugombea, chukua kinachokupa pointi nyingi zaidi na namba yake usiijali.

Wazazi, msicheze kwa niaba ya mtoto. Najua mkono unawasha ukimwona anaweka kigae pabaya, lakini ufalme ni wake. Na msijilegeze ili ashinde. Mchezo ni mfupi kiasi kwamba akishindwa, vigae vinachanganywa upya kabla machozi hayajakauka, na siku atakayokushinda atajua hakupewa.

Mkishazoea, kuna nyongeza mbili za hiari: pointi 10 kwa aliyeliweka kasri katikati kabisa ya ufalme wake, na 5 kwa aliyejaza ufalme bila kutupa kigae. Ya kwanza nawapa hata wanaoanza, maana inawafanya wapange kwa utulivu pande zote. Mkiwa wawili tu, kila mmoja anatumia wafalme wawili na vigae 24 vinawekwa kando. Ila watoto wakishalala, jaribuni ule wa vigae vyote 48 kwenye miraba saba kwa saba. Kila kigae kitatoka, hivyo anayekumbuka vilivyokwisha kupita anajua nini bado kinakuja, na ziwa lenye mataji matano linaweza kuamua kila kitu.