Breki zinalia baada ya kubadilishwa pedi: kwa vijana mnaoanza kazi gereji

Mteja akirudi siku ya pili na kusema, "Fundi, breki zinapiga kelele," usikimbilie kumjibu kwamba zitazoea. Huenda kweli zitazoea. Lakini hilo ni jibu la kutoa ukishafungua tairi na kuangalia, si la kumwondolea mtu getini. Nawaandikia ninyi mliotoka VETA juzi, na ninyi mnaojifunzia kazi humuhumu mitaani Dodoma, kwa sababu lalamiko hili mtakutana nalo sana, na wateja wengi huwa wameshauziwa seti ya pili ya pedi wasiyoihitaji.

Kwanza panda gari, usikilize. Mlio mwembamba unaokuja ukikanyaga taratibu, karibu na kusimama, ni mtetemo: pedi, lile bamba linalobana, inatetemeka juu ya diski, sahani ya chuma inayozunguka na tairi, na diski inalia kama kengele. Mlio usiohusiana na kukanyaga tafuta kwingine. Mara nyingi ni bati la vumbi nyuma ya diski lililopindwa wakati wa kufungua, au kibati cha tahadhari cha pedi kinachogusa diski, au pedi haiachii. Mlio wa asubuhi tu miezi ya mvua, unaokwisha ukikanyaga mara mbili tatu, ni kutu nyepesi; mweleze mteja, aende zake. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma haujadiliwi. Gari hilo halitoki mpaka lifunguliwe.

Juzi kati ililetwa Noah kutoka Nkuhungu, pedi za mbele mpya kabisa, inalia hadi watu wanageuka. Tulipotoa kalipa, ile inayozibana pedi kwenye diski, pedi ya nje ilikuwa imekwama kwenye brakiti, fremu inayozishikilia pedi, ikatoka kwa kugongwa na nyundo. Masikio yake, zile ncha mbili zinazokaa kwenye brakiti, yalikuwa yamekalia kutu iliyochanganyika na vumbi jekundu, gumu utadhani saruji. Kibati kimoja cha kutelezea pedi hakikuwepo. Pini ya chini, ambayo kalipa hutelezea, ilikuwa kavu, haizunguki kwa mkono. Pedi zenyewe hazikuwa na kosa lolote. Tukasugua brakiti kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, tukasafisha pini na kuzipaka grisi, tukaweka vibati vipya, tukarudisha pedi zilezile. Kelele ikaisha.

Kazi ya breki iko hapo, kwenye usafi unaoizunguka pedi. Kiangazi cha huku ni kirefu, kuanzia Mei hadi Novemba hivi, na gari linalolala Nkuhungu au Veyula hula vumbi kila siku. Vumbi likijaa pale pedi inapotelezea, pedi hukaa upande, huigusa diski kwa pembe moja, na mtetemo huanzia hapo. Breki za dramu za nyuma nazo hujaa vumbi, wala hakuna anayezikumbuka. Ila usilipulize kwa kompresa! Vumbi la breki si la kuvuta kifuani, na pedi za zamani, au viatu vya zamani vya breki za dramu, vyaweza kuwa na asbesto, madini yanayodhuru mapafu. Tumia kitambaa kilicholowa.

Kuhusu grisi niko mkali, na vijana wangu wanajua. Grisi ya beringi isiingie kwenye pini za kalipa. Huvimbisha raba, pini inakaza, na umerudi palepale. Tafuta grisi ya breki, ya silikoni, upake kidogo tu kwenye pini. Kisha kwenye masikio ya pedi na mgongoni pale inapogusa pistoni, ile inayoisukuma pedi. Uso wa pedi na diski usipate hata alama ya kidole chenye grisi. Pedi iliyolowa mafuta itupe, maana msasa hautoi kilichokwisha kuingia ndani. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, kwa hiyo ioshe kwa dawa ya kusafishia breki kabla ya kuifunga. Dizeli na mafuta ya taa huacha utando, usizitumie.

Diski ya zamani ipapase ukingoni. Ukikuta imeacha ukuta, pedi mpya itaugusa na kulia. Pima unene wake. Kiwango cha chini kabisa huwa kimechapwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa bado nene, ichongwe. Ikiwa imefika kiwango, inunuliwe nyingine, hata mteja akinuna.

Ukimaliza kufunga, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja, kwa sababu pistoni uliisukuma nyuma na mkanyago wa kwanza haushiki kitu. Kisha nenda kuzoesha pedi. Mimi hupenda barabara ya Singida alfajiri, ukishaipita Nala, pakiwa hapana gari nyuma. Toka kilomita 50 kwa saa, punguza hadi 10 bila kusimama, rudia mara 8 au 10, ukiacha upepo uzipoze katikati. Usisimame na kubana breki zikiwa za moto. Pedi huacha alama kwenye diski, na baadaye usukani utatetemeka.

Hapo sasa mwambie mteja mlio kidogo si ajabu kwa kilomita 200 au 300 za mwanzo. Ukizidi hapo arudi, na kufungua kwa mara ya pili usimtoze.