Difu ya mbele imetengenezwa, mbona oili bado inadondoka?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser pikapu, injini 1HZ, napiga nayo kazi huku Tunduru na msimu wa korosho ndo usiseme. Difu ya mbele (lile kasha la gia kwenye ekseli) ilianza kulia, fundi akaishusha akabadilisha beringi na sili ya pinioni, yaani mpira unaozuia oili pale propela inapoingia kwenye difu, kelele zikaisha kabisa. Ila toka siku hiyo kila asubuhi nakuta oili chini katikati. Nikarudi akaweka sili nyingine ya pinioni, bado. Sasa anasema ninunue difu nzima. Halafu tairi ya mbele kushoto kwa ndani naona kama grisi nyeusi nyepesi inachuruzika. Nifanyeje? Hela yenyewe ya mawazo.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Difu nzima usinunue, tena hata sili ya tatu usinunue kwanza, maana mpaka hapo hakuna mtu aliyekuonyesha oili inatokea wapi, watu wanabadilisha tu vitu kwa kukisia na wewe ndo unalipa.

Anza na swali la kijinga: hiyo ni oili ya difu kweli? Difu ya mbele ya gari yako imelala chini ya injini, kwahiyo chochote kinachovuja juu kinaishia kwenye difu halafu ndo kinadondoka. Chovya kidole unuse. Oili ya difu nzito na ina harufu kali ya kiberiti, ukishaijua huisahau. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi tii na haina hiyo harufu, na ya sukani mara nyingi ni nyekundu na nyepesi. Kama ni nyeusi na hainuki kiberiti basi fundi wako anahangaika na difu wakati mgonjwa ni injini.

Kama ni ya difu kweli, ioshe yote kwa dizeli na brashi, halafu sabuni na maji, ikauke kabisa. Pulizia poda ya mtoto kuzunguka sili ya pinioni na kwenye maungio ya difu na ekseli, tembea kilomita 10 au 15, lala chini na tochi. Usiangalie panapodondokea, angalia palipolowa juu kabisa, na kumbuka upepo unasukuma oili kwenda nyuma, ndo maana gasketi ya hayo maungio ikivuja pinioni inasingiziwa kila siku. Ukiona oili imerushwa duara kuzunguka flanji ya propela, ile sahani ya chuma inayounga propela na difu, hapo ni sili ya pinioni. Ukiona mstari unashuka kutoka kwenye nati za maungio, ni gasketi, na hapa mafundi wetu wana ugonjwa wa kupaka silikoni juu ya chuma chenye mafuta, halafu wanajaza oili palepale kabla haijashika.

Tuseme ni pinioni kweli na sili imebadilishwa mara mbili. Basi sili haina kosa. Itolewe flanji, upitishe ukucha pale midomo ya sili inapokaa, ukisikia mfereji ujue hata ukiweka sili ya dhahabu itavuja. Inavalishwa ringi nyembamba au inatafutwa flanji nzima. Shika pia flanji uitikise kwa nguvu, ikicheza ni beringi haikukazwa sawa. Ila fundi asikaze ile nati kwa hasira ili kuzuia oili, kukaza kupita kiasi ndo kunaua beringi ulizonunua juzi.

Na kabla ya yote hayo angalia kipumulio, kile kikofia kidogo juu ya ekseli. Kikiziba kwa tope, difu ikipata moto hewa haina pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili yoyote iliyo dhaifu. Kifungue, upulize, kama hewa haipiti umepata mchawi bila kununua kitu.

Sasa hiyo tairi ya kushoto, hapa ndo mi nina wasiwasi zaidi. Kuishusha hiyo difu lazima shafti zote mbili, zile fimbo zinazozungusha tairi, zitolewe, na wakati wa kurudisha, fundi akiacha shafti ilale juu ya sili ya ekseli, meno yake yanaikata mdomo. Oili inapita inaingia kwenye lile bonge la mviringo nyuma ya tairi, inaiyeyusha grisi ya jointi, ndo hiyo nyeusi nyepesi unayoiona. Juu ya bonge kuna kiplagi cha mraba, kifungue uingize waya: ukitoka na grisi nzito uko salama, ukitoka na majimaji yenye harufu ya kiberiti sili imekatika. Hiyo usiichelewe, mana ikifika kwenye habu, kile kitovu cha tairi, inaweza kupita mpaka kwenye diski na breki ya upande mmoja ikakuacha. Ukiegesha kwenye mteremko wa kushoto inazidi, usishangae.

Kama una loki za habu za kuzungusha kwa mkono ziache wazi kwa sasa, difu ya mbele haizunguki na inarusha oili kidogo. Ila usawa wa oili uuangalie kila wiki.

SWALI: Nimevuka mto maji yakafika kwenye bampa, sasa oili ya difu imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Niendelee nayo?

JIBU: Hapana kaka, mwaga leo. Difu ya moto ikizama kwenye maji baridi hewa ya ndani inasinyaa, inavuta maji kupitia kipumulio au sili iliyochoka. Fungua nati ya kujazia kwanza ndo ufungue ya kumwagia, watu wameshamwaga oili halafu nati ya juu ikagoma, gari ikalala hapohapo. Jaza oili ya bei rahisi, tembea kidogo, mwaga tena, ndo uweke ile oili nzuri ya difu iliyoandikwa 80W-90 na GL-5 mpaka ianze kutoka kwenye tundu. Halafu vuta bomba la kipumulio mpaka juu kwenye injini, mpira wa mita moja na klipu mbili unatosha.