Dawa za maumivu zinazokaa mwilini siku nyingi: mambo ya kukagua kabla ya kuchoma

Sindano moja ikimtuliza mbwa siku tatu baada ya upasuaji, hiyo ni nafuu kubwa kwake na kwa mwenye mbwa, ambaye hahangaiki tena kumfungua mdomo asubuhi na jioni. Ila ukishaichoma, hairudi. Kidonge cha kila siku utakisimamisha mnyama akianza kutapika. Dawa iliyotengenezwa ikae mwilini itakaa, hata ukigundua baada ya saa moja kwamba figo zake ni mbovu. Mavakoksibu, kwa mfano, ambayo ni kidonge cha maumivu kinachokaa mwilini wiki nyingi, mbwa hupewa miligramu 2 kwa kila kilo pamoja na chakula, hurudiwa baada ya siku 14, kisha mara moja kwa mwezi, na dozi za mfululizo hazizidi 7. Mbwa aliyedhurika na dawa hiyo utamhudumia kwa wiki kadhaa.

Anza na mizani. Usikisie uzito kwa macho, na usichukue uzito ulioandikwa kwenye kadi miezi sita iliyopita.

Kisha soma chupa, hasa nguvu ya dawa. Hapa wageni wa kazi hukosea kuliko mahali pengine popote. Meloksikamu, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, ya sindano ipo ya miligramu 5 kwa mililita, ya mbwa na paka, na ipo ya miligramu 20 kwa mililita, ya ng'ombe na farasi. Mbwa wa kilo 20 kwa dozi ya kwanza ya miligramu 0.2 kwa kilo anahitaji miligramu 4, yaani mililita 0.8 za ile nyepesi. Ukivuta mililita 0.8 hizohizo kutoka chupa ya ng'ombe, umempa miligramu 16, mara nne ya kipimo, na dawa ya kuibatilisha haipo. Andika hesabu yako kwenye karatasi ukiwa na miligramu na mililita, umwonyeshe mwenzako kabla ya kuvuta.

Swali la "amepewa dawa gani?" halitoshi. Wenye wanyama wengi hujibu "hakuna" kwa sababu wanafikiria dawa za maumivu tu. Uliza kwa kutaja: vidonge vya kuwashwa, sindano ya mzio, dawa ya binadamu kutoka kabatini. Nyingi za dawa hizo za kuwashwa na mzio ni steroidi: prednisoloni au deksamethasoni ikikutana na meloksikamu, utando wa tumbo huchimbika vidonda, na unaweza kutoboka. Paka aliyepewa paracetamol ni dharura, hata kama amepewa kipande tu cha kidonge.

Angalia pia maji mwilini. Shinikizo la damu linaposhuka, kama kwa mnyama aliyeishiwa maji, mwili hutumia prostaglandini, kemikali unazozitengeneza wenyewe, kuweka wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Dawa za jamii ya meloksikamu huzuia prostaglandini hizo. Kwa hiyo mnyama aliyetapika siku mbili, au anayepewa nusukaputi bila dripu, anaweza kuharibiwa figo na dozi ambayo kwenye vitabu ni sahihi kabisa. Mrudishie maji kwanza.

Jambo jingine ni pengo la mwanzo. Plasta ya fentanili, dawa kali ya maumivu inayopenya kwenye ngozi, huchukua saa 12 hadi 24 kushika kwa mbwa, na saa 6 hadi 12 kwa paka. Ukiibandika wakati mnyama yuko mezani, ataamka na maumivu yote. Ibandike mapema, au uzibe pengo kwa methadoni, dawa ya jamii hiyohiyo inayoshika haraka. Vaa glavu. Nyoa manyoya bila kuchubua ngozi, safisha kwa maji peke yake, acha pakauke kabisa, kisha kandamiza plasta kwa kiganja dakika mbili hivi, kingo zake zote zishike. Usimlaze mnyama huyo juu ya blanketi la umeme: joto huongeza dawa inayoingia, na pumzi hupungua. Nyumbani kukiwa na mtoto mdogo, tafuta njia nyingine. Mtoto akiilamba plasta hiyo anaweza kufa.

Bupivakeini ya liposomu, ganzi ya mahali ambayo dawa yake imefungwa ndani ya vifuko vidogo mno vya mafuta, haisambai mbali na mahali ulipoichoma. Ukiimwaga yote sehemu moja ya kidonda, upande wa pili utauma. Ipitishe kila tabaka unalofunga, ukisogeza sindano kidogo kidogo, na usiichanganye na lidokeini, ganzi nyingine.

Paka aliyechomwa buprenofini ya muda mrefu, dawa nyingine ya maumivu ya jamii ya methadoni, atapanuka mboni na kusuguasugua kichwa kwenye vitu, hilo usilihofie. Pima joto, kwa kuwa linaweza kupanda. Akiendelea kuumia, methadoni haitashika vizuri, maana buprenofini imeshakamata vipokezi, yaani sehemu za neva ambazo methadoni ingeshika. Ongeza ganzi ya mahali au dawa ya jamii nyingine.

Dawa ndefu haiondoi zamu ya kumkagua mnyama. Tumia kipimo cha maumivu cha Glasgow, ambacho hupima tabia za mnyama kwa alama, na alama nyingi ni maumivu makubwa: mbwa akifika alama 6 kati ya 24, au 5 kati ya 20 kama hawezi kutembea, mwongezee dawa.

Anaporuhusiwa kwenda nyumbani, mpe mwenye mnyama karatasi yenye jina la dawa, saa iliyotolewa, na siku itakayoisha nguvu, pamoja na onyo la kutompa dawa nyingine ya maumivu katikati. Mwambie apige simu siku hiyohiyo akiona kinyesi cheusi kama lami, kutapika, kukataa chakula, au usingizi asioweza kuamshwa. Kwa ng'ombe, ongeza tarehe ambayo maziwa na nyama vitaruhusiwa, uliyoihesabu kutoka lebo ya chupa hiyohiyo uliyotumia.